Kiapo Nilichoandikiwa na Wakili

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Huna haya, Wakili Palomeque. Umekunywa juisi yangu ya tunda la borojó glasi mbili, ukaniita mkunga bora wa mji mzima wa Quibdó, kisha ukanitolea kiapo ulichokwisha kuniandikia. Mimi nitie sahihi tu. Eti miaka arobaini na sita ya kuzalisha, kila aliyetoa mimba nilimwona akirukwa na akili. Nani kakwambia?

Palomeque anataka mahakama iifunge kliniki ya kutolea mimba, ile ya karibu na soko. Hata mimi siitaki. Ni dhambi, nimeshasema mbele ya watu. Nikamwambia basi andika hivyo, Mungu hapendi. Akacheka.

— Bi Teófila, hayo ya kanisani. Hakimu anataka mambo ya afya. Na bila wewe kesi imelala.

Kwa hiyo Mungu tumwache mlangoni, tuingie na uongo.

Jumanne, 10 Septemba

Mjukuu wangu Nayibe kakisoma kiapo huku ananisuka. Akaniuliza kama namkumbuka yule mchungaji wa walokole. Nimsahau vipi? Mwaka juzi alikwenda mahakamani kuzuia maandamano ya San Pacho, mtakatifu wetu. Karatasi zake zote kelele, kelele, ngoma zinasumbua wagonjwa. Kumbe anatuona waabudu sanamu. Nilimsimamisha barabarani nikamwambia aseme linalomkera, asijifiche nyuma ya wagonjwa. Mtaa mzima ulinipigia makofi.

— Na angesema kweli, bibi? Kwamba sanamu ni dhambi? Ungekubali hakimu atuzuie?

— Dhambi yake yeye! Mimi inanihusu nini?

Nayibe kakaza msuko. Nikamwambia asuke, asinivute nywele.

Wali umeungua.

Jumatano, 11 Septemba

Erlinda. Miaka kumi na saba, mwaka 1981. Alikunywa majani ya kutoa mimba, hakumwambia mtu. Walipomleta kwangu kwa mtumbwi, godoro alilolazwa limeshalowa damu. Nilifanya nilichojua. Hakikutosha. Wala hakurukwa na akili — alikufa na akili zake zote, akiniomba nisimwambie mama yake. Sikumwambia.

Kwenye kile kiapo Erlinda hayumo.

Alhamisi, 12 Septemba

Kesi saa tatu, sasa ni saa mbili. Palomeque yuko mlangoni na tai yake, gari linanguruma.

— Sahihi tu, mama yangu, tutachelewa.

Mama yako nani? Nimemwambia akae, na gari alizime. Kwenda nitakwenda. Akiniuliza hakimu kama ni dhambi, nitasema ndiyo. Akiniuliza kama kwa hiyo waifunge — hapo sijui, na nina saa nzima ya kujua.

Nayibe, acha vyombo. Lete kalamu. Mistari ya wazimu ikate yote. Andika Erlinda, herufi kubwa, na mwaka, na damu. Kisha nisomee kwa sauti, huyu asikie.