Printa Nayo Nimeijaribu

Kwako Baba Watoto,

Watoto hawajambo, paa la jikoni limeacha kuvuja, na mama yako bado anakuombea huko kwenye kazi yako ya mkataba.

Ile shida ya kompyuta yangu na yako kutoonana kwenye mtandao wa nyumbani imekwisha. Nilifuata maelekezo uliyonipa kwa simu huku ukinicheka. Nilianza na taa za ruta. Moja ilikuwa imezimika, kumbe waya ulilegea nyuma ya kabati, nikauchomeka. Ulisema nifungue folda yoyote iliyo kwenye kompyuta yako, ikifunguka nijue mambo safi. Nikafungua ya kwanza. Ulivyopendeza na suti ya bwana harusi! Na bibi harusi wako kavaa bangili yangu, ile uliyoniambia imeibwa.

Ulisema pia niijaribu printa. Nimeijaribu kwa picha zote arobaini, za rangi, mpaka wino umekwisha.

Mama yako amevaa miwani na kuzipanga mezani moja moja. Ameuliza huwa unapiga simu saa ngapi. Leo atapokea yeye.

Ni mimi mkeo, nisiyejua hata kuchomeka waya.