Breki ya Mbele ya Pikipiki Yako

Fundi Aloisi,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa ile sauti yako ya mtu aliyebana bisibisi kwa meno.

Ni mimi, Bwana Tayari. Jina ulilonipa bado linanifuata kule gerejini Kiboriloni. Hata muuza ndizi ananiita hivyo, wala hajui kwamba ulikuwa unanisema. Ulisema nina ugonjwa mmoja, kutamka "tayari" kabla kazi haijaisha. Nilidhani nimepona. Mwezi huu nusura ugonjwa huo umuue mwanao.

Pikipiki yako sasa anaiendesha Felista wako. Kila asubuhi anateremka nayo kutoka Kilema na madumu mawili ya maziwa. Siku moja akaja gereji. "Anko, breki ya mbele inanikimbia. Nikifika kona za chini, mkono wa breki unalainika mpaka unagusa usukani." Nikaubinya. Mgumu kabisa. Nikatoa upepo kwenye mfumo wake, nikaongeza mafuta ya breki, nikazunguka nayo sokoni mara mbili. Tayari.

Baada ya siku mbili akarudi. Alikuwa amejizuia kwa mguu, soli ya kiatu imelika upande, dumu moja limebaki barabarani. Nikabinya tena. Mgumu. Nikabadilisha pedi, nikamtania kwamba labda uliolainika ni moyo wake, siyo breki. Hakucheka.

"Baba asingenijibu hivyo, Anko."

Hilo lilinikaa moyoni. Jumapili baada ya misa nikapanda Kilema, nikamwambia anipe pikipiki nishuke nayo kama anavyoshuka yeye. Akazima injini.

"Unafanya nini?"

"Si umesema kama mimi? Baba alinifundisha. Mteremko wa bure, petroli ya nini?"

Fundi, wewe! Mimi ulinikataza miaka ishirini, kumbe nyumbani ulikuwa unamfundisha mwanao.

Nikashuka kimya. Kona ya kwanza, sawa. Ya tatu, mkono ukaanza kuingia ndani. Ya tano nikabinya, ukaja wote mpaka kwenye usukani kama ndizi iliyoiva. Mbele yangu akina mama walikuwa wametoka kanisani, wameijaza barabara, wanaongea, wamenipa mgongo. Injini imezima. Honi ilikufa kabla yako. Nikakanyaga breki ya nyuma, tairi likateleza, nikaielekeza pikipiki kwenye ua wa mimea ya masale wa jirani yako. Tukaingia wote wawili.

Nikiwa nimelala pale nikakukumbuka. "Breki iulize ingali moto. Ikipoa inadanganya." Nikainuka nikichechemea, nikanyanyua gurudumu la mbele na kulizungusha. Likagoma. Nikaitemea diski mate, yakachemka. Basi. Pistoni ilikuwa imenata, pedi haziachii, diski inapata moto njia nzima, na bila injini ya kusaidia, breki ndiyo inabeba mlima wote. Joto likaingia kwenye mafuta, yakatoa mapovu, mkono ukalainika. Ikifika Kiboriloni na kunisubiri nimalize chai, imeshapoa, imekuwa ngumu, inanitazama kwa heshima.

Na mafuta yenyewe yalikuwa ya siku zako, meusi kama kahawa. Mimi niliyaongezea tu. Sikuyamwaga.

Felista akaja mbio akanikuta na jani la sale kichwani, jani lile lile ambalo huku mlimani tunaombea msamaha. "Anko, umekuja nalo kabisa? Haya, nimekusamehe." Alicheka.

Nikaifungua breki. Nikasafisha kutu kwenye pistoni, nikaweka mipira mipya, nikamwaga mafuta yote na kujaza mengine. Nikashuka nayo kutoka Kilema mara tatu, kila mara nikisimama kona ya tano kuzungusha gurudumu. Likawa jepesi. Mara hii sikusema lile neno. Nilimwambia tu, "Gia ya pili, injini inawaka, mpaka chini."

Naandika nikiwa kihambani, kwenye shamba lako la migomba, karibu na kaburi lako. Felista ametoka sasa hivi na maziwa. Nimemsikiliza kona ya kwanza, injini inanguruma. Ya tatu, inanguruma. Kabla ya kona ya tano sauti ikakatika.

Nikasimama, kalamu mkononi.

Kisha honi, mara mbili, kutoka chini kabisa, na nyuma yake injini ileile inanguruma. Honi nayo nimeitengeneza, Fundi, ingawa hakuniomba.

Pikipiki ya mlimani sitaipima tena sokoni. Hiyo nakuahidi, na ukiniona nimesahau, nitupe tena kwenye masale. Baki na amani yako hapa chini ya migomba. Mwanao nitamwangalia.

Aika, asante, mwalimu wangu.

Ni mimi, yule uliyezoea kumrudisha akaimalizie kazi.