Kabla Hujapanda Ndege ya Saiprasi

Salma mjukuu wangu,

Hapa Kandara tu wazima, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike. Unauliza kama kuna tofauti ukishukia upande huu au ule wa Saiprasi, kwa vile kisiwa kimegawanyika, nawe unaogopa kumsumbua bosi wako.

Nilipokuwa karani mgeni Riyadh, kafili, yaani bosi aliyenidhamini, alinikatia tiketi rahisi ya kushukia kaskazini mwa Saiprasi, ilhali kazi ilikuwa kusini. Nikamuuliza, "Baba, nikishukia kule, hawa wa kusini watanipokea?"

"Mwoga wewe!" akacheka. Lakini alipiga simu ubalozini, akaambiwa ningehesabiwa nimeingia bila ruhusa. Tiketi ikabadilishwa.

Basi muulize bosi wako, na viza ya kurudi huko unakofanya kazi iwe tayari kabla hujaondoka. Tangu siku ile, kila akitaka kusafiri, kafili alinitupia pasipoti yake mwenyewe: "Yalla, haya, mwoga, itazame kama iko sawa."

Babu yako