Mama kwenye runinga ya majlisi

Jawaher, usicheke. Kaka yangu Ayman, mtaalamu wetu wa kompyuta, katufedhehesha.

Si unakumbuka alivyokusanya simu zetu zote, mpaka ya mama, akaziunganisha na runinga ili kila picha ijihifadhi yenyewe? "Hakipotei kitu tena nyumba hii." Kweli, hakijapotea kitu.

Leo wamekuja wazee sita kutoka Al Amerat kumposa mdogo wangu Ibtihal. Wamekaa majlisi wanakula halwa, mimi nachungulia mlangoni. Runinga haina mtu wa kuitazama, ikaanza yenyewe kuonyesha picha zetu. Kwanza gari ya baba. Halafu video: mama, kwenye harusi ya wanawake, kichwa wazi, kanga kiunoni, anakata kiuno.

Mama yangu. Mbele ya wakwe.

Wazee wote sita wakaiinamia halwa kama wanaisoma. Rimoti haionekani, basi bingwa wetu akaitanua kanzu yake ya dishdasha, akajibandika mbele ya runinga. Mama akawa anacheza mgongoni kwake.

Wageni washaondoka. Mama kauliza neno moja tu: "Zinafutika?"

Ayman, kwa fahari: "Usihofu mama. Nimeziweka pahala patatu, hata nyumba ikiungua hazipotei."