Ndala Zinazopwaya

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi, halafu nyingine juu yake. Sisi hatujambo. Baba yako anakusalimu, kiuno bado kinamkatalia kuinama lakini mdomo wake mzima. Bibi yako anakusalimu, masikio yamezidi kuziba, ila ukimsema vibaya anasikia. Mdogo wako anakusalimu, anataka daftari. Dada yako anakusalimu, yaani nimemsalimia mimi kwa niaba yake. Bado analala na kiti nyuma ya mlango.

Barua yako ya mafunzo nimeisoma mara tatu. Kumbe siku hizi wafanyakazi wa hoteli wanafundishwa kuwatambua wauza watu! Mtu mmoja ameshika pasipoti za wote, wasichana wanamtazama yeye kabla ya kujibu, chumba hataki kisafishwe. Nililia. Mafunzo hayo yangekuja miaka minne nyuma, yangenikuta na Mama Mpole sebuleni, yule aliyemchukua dada yako kwa ahadi ya kazi.

Wewe ulikuwa bwenini, hukumwona. Sauti kama asali. Kidole cha shahada cha kulia hakina kucha. Alimletea dada yako ndala za kijani, nikasema mbona zinampwaya? Akasema, "Atakua, dada yangu." Nikacheka naye. Tangu arudi, dada yako amesema neno moja tu juu ya safari ile: "Mama, ndala zile zilikuwa za kunizuia nisikimbie."

Waongezee walimu wako dalili hiyo. Barua mpe kondakta wa basi, usipige simu ya jirani, dada yako atasikia.

Mimi mama yako.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini wote wazima, na kiuno cha Baba kimepata nafuu. Mimi mzima wa mwili tu.

Mama, yuko hapa. Chumba 214, tangu jana. Kibao cha "Usisumbue" hakijatoka mlangoni. Leo alifungua kidogo kupokea taulo, mkono wa kulia, nikaona kidole. Nyuma yake wasichana watatu kwenye kitanda kimoja. Chini, jozi tatu za ndala za kijani. Nikamuuliza mdogo wao, "Hujambo?" Akamtazama yeye kwanza. Akajibu yeye: "Hawa wanangu, wana haya."

Ataondoka Ijumaa. Chai yake ya saa kumi napeleka mimi.

Mafunzo yanasema usimkabili, usijaribu kuokoa mtu peke yako, mwambie meneja, yeye ataita polisi. Ukimshtua, atawahamisha. Nayajua yote. Lakini Mama, mkono unaniwasha. Polisi wangapi wameshamwachia? Sijamwambia mtu. Nimekuambia wewe kwanza.

Binti yako.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Mwanangu,

Salamu leo ni fupi. Wote wazima.

Umefanya vizuri kuniambia mimi. Meneja ana hoteli yake ya kulinda, polisi wana chakula chao cha mchana. Mimi nina binti anayeogopa mlango wa kwao. Yule akiingia mahakamani atatoka kwa mlango wa nyuma akijipepea.

Chai unapeleka wewe. Dawa ya kusafishia choo unayo. Sina la kuongeza. Aliyekula kilicho changu kwa ulimi mtamu, naye aende kwa kitu kitamu. Tia sukari nyingi. Dhambi niandikie mimi, Mungu nitamjibu mwenyewe, nina mengi ya kumwuliza hata hivyo.

Baba yako hajui. Choma karatasi hii.

Mama yako.

Jumamosi, tarehe 16 Machi

Shikamoo Mama,

Nimeichoma. Sasa soma hii ukiwa umekaa.

Alhamisi saa kumi nilipanda na sinia. Chupa ya dawa ilikuwa mfukoni mwa aproni, kifuniko nimeshakilegeza. Nilijiambia, kikombe cha kwanza kiende salama asishtuke, cha pili ndicho. Nikamimina. Mama Mpole hakukigusa. Alimsogezea yule mdogo. "Onja wewe kwanza, mwanangu, kisha na cha pili." Ndiyo desturi yake, Mama. Hali kitu, hanywi kitu, mpaka mtoto aonje.

Msichana akanywa, akanitazama, akasema, "Asante, dada."

Ningekusikiliza, ningemwua mtoto wa mwenzako.

Nilishuka ngazi, chupa bado imejaa mfukoni. Nikamwambia meneja: chumba 214, pasipoti, kibao, ndala. Hakuzicheka hata ndala. Aliita polisi, akaniambia niendelee na kazi kama kawaida, nipeleke taulo. Walikuja watatu, mmoja amevaa kama fundi wa bomba. Wasichana wako salama. Mdogo ana miaka kumi na minne.

Mama Mpole hakulia. Alitoa faili: "Wazazi wao wote wametia sahihi." Polisi wamelichambua. Karatasi ya dada imo. Jina lako chini, mwandiko wako wa ngumbaru, herufi kubwa zimelala ubavu.

Wanataka maelezo yako. Na ya dada, akiweza.

Binti yako.

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Mwanangu,

Baba yako anakusalimu, bibi yako anakusalimu, mdogo wako anakusalimu.

Yule mtoto mpe pole yangu, usimwambie ya nini.

Hasira haijapoa, usiniletee habari za kusamehe. Nataka afungwe mpaka kucha ile iote. Mlangoni pake watundike "Usisumbue". Lakini dawa ya choo na isafishe choo.

Nilijifunza kuandika jina langu nina miaka arobaini, na siku ile ya Mama Mpole nilikataa kutia kidole gumba kwa majivuno, nikaandika. Karatasi sikuisoma, niliona aibu kusema maneno ni mengi. Sasa nitaandika jina lilelile kwa polisi. Safari hii nitasomewa kila neno mara mbili, waone nina kichwa kizito.

Dada yako nilimsomea barua yako yote. Alikwenda chini ya kitanda akatoa ndala moja ya kijani, ile aliyorudi nayo. Sikujua kama ameiweka. Ameifunga kwenye mfuko. Akasema, "Nitamwonyesha Mama Mpole mwenyewe."

Tuambie ni kituo kipi na siku gani. Mpe kondakta jibu leo leo, usingoje kesho. Dada yako ameshaondoa kiti mlangoni, amekikalia nje, amevaa viatu vinavyomtosha.

Mama yenu.