Baba na Ng'ombe wa Ushahidi

Kanze na Nyale,

Ugali uko sufuriani. Mbuzi hawajanyweshwa. Baba yenu yuko ndani, kituoni Garsen. Msilie, hajaua mtu.

Alfajiri ng'ombe wa Abdirizak aliingia shambani akala mahindi yetu. Baba yenu akamfunga nyuma ya jikoni, eti ni ushahidi wa kumwonyesha chifu. Hapo hana kosa, kila mtu hapa hufanya hivyo. Lakini badala ya kwenda kumwita chifu, akamkamua! Abdirizak alipofika na polisi, walimkuta amekaa kwenye kigoda, anakunywa chai ya maziwa ya ushahidi wake. Sasa anaitwa mwizi wa mifugo.

Nyale, ~~mpigie yule wakili wa shamba letu~~ hapana, yule ni wa hati za ardhi. Mpigie wakili Christine wa Ngao, anayetetea watu kwenye kesi za jinai. Aende amwambie baba yenu anyamaze, asijibu swali bila yeye kuwapo. Mdomo wake mnaujua.

Kanze, mwombe mjomba Changawa aje na kitambulisho, amsimamie dhamana. Na dhamana ni ya kumtoa tu, kesi bado ipo na kortini lazima aende. Kwa hiyo msimchinjie kuku.

Chai iliyobaki kwenye chupa msiiguse. Mimi nilipokumbuka kuuliza maziwa yametoka wapi, nilikuwa kwenye kikombe cha pili. Mwambieni wakili huenda tukawa wawili.

Mama