Mabirika Yenye Mkia

Jumatatu, 4 Machi
Rula kaniita ofisini. Ni mkuu wetu wa shule. Jina hilo walimpa watoto, mimi nimeliazima tu. Ijumaa anakuja mkaguzi. Akiona kipindi cha kuchora ni mchezo, kinafutwa, wanapewa watu wa hisabati. Kwa hiyo ukutani Rula anataka birika. Kila mtoto, birika lilelile! Nikamwambia mtoto afundishwe kuangalia, mkono utafuata wenyewe. Akasema vizuri, basi waangalie ubao. Nikanywea. Kazi hii imeninyang'anya nywele, ila kunywea bado naweza.

Jumanne, 5 Machi
Nimechora birika ubaoni. Mdomoni pa birika chaki ikakatika, mkono ukateleza – mstari mrefu, kama mkia wa panya! Nikashika dasta. Darasa zima: "Mwalimu, hakuna kufuta!" Sheria yangu mwenyewe hiyo. Kosa halifutwi, linageuzwa kitu. Miaka yote nawaimbia. Nikaweka dasta chini. Sikuligeuza kitu chochote.

Jumatano, 6 Machi
Nimekusanya karatasi. Mikia mitupu! Wamenakili hata pale chaki ilipokatika. Rula kaingia, kafurahi mpaka kanipiga bega: "Hii ndiyo nidhamu, mwalimu!" Mkia hata hakuuona.

Karatasi moja tu haina birika. Ya yule binti wa dirishani, tunamwita Kimya. Amenichora mimi, kwa nyuma, ubaoni. Shingo imeinama kama ya mtu aliyetoka kukaripiwa. Kwenye suruali, matakoni, alama ya kiganja kizima cha chaki. Ndiyo picha pekee humo ndani. Rula akasema itoe hiyo. Nikaitoa, nikaifungia kabatini.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Suruali hiyo si nilikwambia tuifanye tambara?" Kisha akauliza kama mtoto anajua picha yake iko wapi. Nikaomba chai nyingine.

Alhamisi, 7 Machi
Kimya katazama ukuta, kisha mimi. Afadhali angenitukana!

Ijumaa, 8 Machi
Mkaguzi ni mama mmoja, miwani inaning'inia kifuani. Kapita birika kwa birika, taratibu. "Mbona yote yana mkia?" Rula kautazama ukuta kama ndiyo kwanza anauona. "Ni... mtindo, mama." Watoto wakamwanika: "Mwalimu aliteleza!"

Mama akacheka kidogo, hakufurahi. Akauliza nani kachora alichokiona mwenyewe. Mkono mmoja. Wa Kimya.
"Yako iko wapi, mwanangu?"
"Mwalimu anajua."
Rula akaruka: chai tayari, mama, inapoa! Mlangoni akaninong'oneza, "Usithubutu."

Wako ofisini wanakunywa. Mama amesema atarudi. Naandika nimesimama, daftari juu ya kabati. Suruali ni ileile, na chaki yake ni ya leo. Kabati limefunguka. Birika moja nimelishusha – la katikati, pana nafasi nzuri. Pini mbili mdomoni.

Nimeibandika.

Viatu kwenye korido. Vya Rula, navijua, na vya mama nyuma yake. Kimya kasimama kwenye dawati lake. Anasema imepinda, mwalimu, kushoto juu kidogo.

Narekebisha –